Intaneti iliyokuwa inakatika na bamvua: kisa cha laini ya Chwaka hadi Michamvi

Nakiandika hiki kisa chote tangu mwanzo maana nimeona mafundi wengi wa intaneti ya antena huku pwani wanapambana na tatizo hili hili bila kujua wanapambana na nini, na sisi wenyewe lilitusumbua karibu miezi miwili, tukabadilisha vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Hali ilikuwa hivi. Kampuni ndogo niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa na mnara upande wa Chwaka, Unguja, na pale mnarani intaneti inafika kwa faiba. Ng'ambo ya ghuba, Michamvi Kae, kuna lodge ilikuwa inataka intaneti ya uhakika. Mtu anayepajua Chwaka anajua ukisimama ufukweni unaiona Michamvi ile pale mbele yako, majini ni kama kilomita sita na nusu tu, ila kwa gari lazima uizunguke ghuba yote, ushuke mpaka Paje alafu upande tena na Bwejuu mpaka mwisho wa ile ncha. Kuchimba faiba njia yote hiyo kwa ajili ya lodge moja na nyumba chache hakuna wa kulipia. Kwaiyo tukafanya kinachofanyika sehemu nyingi duniani, antena moja huku, antena moja kule, zinaangaliana juu ya maji.

Kwa asiyejua kazi hii inavyokwenda nieleze kidogo. Intaneti ya antena ya kufunga nyumbani siyo ile ya bando la simu, ingawa hata ruta za 4G na 5G za kuweka sebuleni ni ndugu zake. Hapa unafungiwa antena nje, juu ya paa au kwenye nguzo, inaelekezwa mnara mmoja tu na haihami. Kutoka kwenye antena unashuka waya mmoja wa netiweki, na waya huo huo ndo unapandisha umeme wa kuiwasha antena, kwaiyo ukiona kibox kidogo kimechomekwa ukutani karibu na ruta usikichomoe kuchajia simu, ndo kinachoilisha antena yako. Ndani unaweka ruta ya kawaida inayogawa waifai. Mnarani kuna antena pana inayohudumia wateja wengi kwa zamu, kila mmoja anapewa vipande vya muda vidogo sana, sehemu za elfu za sekunde, na ndo maana mteja mmoja mwenye signo mbovu anaweza kuwapunguzia spidi wenzake wote, maana yeye data ile ile anaisafirisha kwa muda mrefu zaidi. Watu hawalijui hili, wanadhani spidi ni suala la kifurushi tu.

Kwetu sisi laini ya Chwaka na Michamvi ilikuwa ya watu wawili, antena na antena, haina wa kugawana naye. Ikifika lodge ndo kuna antena nyingine ya pembe ya digrii 90 juu ya paa inagawa kijijini, nyumba tisa na maduka mawili. Kwaiyo laini ya juu ya maji ikiyumba, wote wanaumia. Tulikuwa kwenye masafa ya 5.8 GHz, antena za sahani za desibeli 23 kila upande (desibeli ni kipimo cha nguvu ya signo). Hesabu ya njia ni rahisi, kwa umbali ule na masafa yale signo inapotea hewani desibeli 124 hivi, ukijumlisha nguvu ya redio na ya sahani zote mbili unategemea kupokea -58 (namba ikikaribia sifuri ndo signo kubwa zaidi). Tulipofunga siku ya kwanza tukapata -55. Tukafurahi sana, bora kuliko hesabu! Sasa hivi signo ikiwa bora kuliko hesabu yangu mi nakaa nafikiria kwanza, ila wakati ule nilikunja ngazi nikaondoka.

Wiki ya kwanza hakuna neno. Ya pili, simu. Dada wa mapokezi anasema mtandao umekata saa nane mchana, ukarudi wenyewe kabla ya saa tisa, alafu saa kumi na mbili kasoro umekata tena wageni wote wako nje wanataka kurusha picha za jua linazama, maana Michamvi Kae ni sehemu ya upande wa mashariki ambayo jua unaliona likizamia majini, ndo biashara yao hiyo. Mpaka nimefungua kompyuta mi naona laini imesimama, -54, safi kabisa. Nikamwambia dada labda ni ruta yenu, izimeni muiwashe. Kesho yake tena, muda umesogea kidogo. Siku kama tano hivi, alafu kimya. Wiki nzima hakuna kitu. Alafu ikaanza upya.

Makosa tuliyofanya nayaandika yote kwa mpangilio, kwasababu kila kosa lilikuwa linatupa jibu na hatukulisoma.

La kwanza tulisema joto. Saa nane mchana mwezi wa Machi, jua la Unguja, redio iko kwenye bati, tukasema inachemka. Tukaifunika kivuli. Haikusaidia, na isingesaidia, maana ingekuwa joto isingekata saa kumi na mbili jioni upepo unavuma. Alafu kuna mlinzi wa usiku pale akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hata saa nane usiku huwa inakata, yeye anaangalia vitu kwenye simu lindoni. Hatukumjali. Kijana yule alitupa taarifa ya thamani kuliko yote na sisi tuliichukulia kama maneno ya kupitisha tu, mpaka leo linaniuma.

La pili, tukasema kuna mtu anatuingilia masafa. Hili ni jambo la kawaida, 5 GHz watu wengi wanatumia, mahoteli yana redio zao, kwaiyo tukahama chaneli kutoka 5.8 kwenda 5.5. Bamvua iliyofuata (yani zile siku bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida, ila wakati ule hatukuwa tunaita hivyo, tulikuwa tunasema "ile wiki mbaya") ikakata vile vile, ila badala ya saa nane ikakata saa saba na nusu. Sisi tukasema aliyetuingilia naye kahama! Nikikumbuka mantiki ile nashangaa, maana kama shida ni mtu mwingine, kwanini kubadilisha chaneli kusogeze saa? Tukarudi 5.8.

La tatu ndo lilitugharimu pesa. Bosi akasema, na mi nikakubali, kwamba antena ya Michamvi iko chini mno, signo inagusa maji. Kila fundi amefundishwa hivyo, ukiwa na shida panda juu. Na kuna ukweli ndani yake. Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi, yanapita kama soseji iliyonenepa katikati, wanaita kanda ya Fresnel kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel, na kwa umbali wetu ile soseji pale katikati ya ghuba ina nusu kipenyo cha mita tisa hivi, sharti walau asilimia 60 yake isiguswe na kitu. Ongeza na tumbo la dunia, maana dunia ni duara na maji yanavimba kidogo katikati, kwa kilomita sita na nusu ni kama sentimita 60 tu, dogo. Tungekaa chini tukapiga hesabu tungeona nafasi tulikuwa nayo ya kutosha. Hatukupiga. Tukaagiza bomba, tukampandisha Michamvi mita nne zaidi, tukafunga nyaya za kuishikilia nguzo pande tatu, kazi ya siku mbili kwenye upepo.

Na kweli bamvua iliyofuata saa nane haikukata. Saa kumi na mbili haikukata. Bosi akanipigia mwenyewe kunipongeza. Saa nne usiku dada wa mapokezi akapiga, mtandao hakuna. Ukakaa hivyo karibu masaa mawili mazima. Kesho yake saa nne na nusu asubuhi, tena. Yani tumetoa tatizo mchana tukalipeleka asubuhi na usiku, na limekuwa refu kuliko mwanzo. Kule kijijini kulikuwa na bibi mmoja mwanawe yuko Muscat, wanaonana kwa video usiku kijana akitoka kazini, na sasa ndo saa yao hiyo imekatwa. Alinipigia mwenyewe, hakunigombeza, aliniuliza tu "Mwanangu, nimekosa kulipa?" Nilikaa kimya sikujua nimjibu nini.

Siku hiyo hiyo niliamua nisiguse tena kitu mpaka nijue. Nikavuka kwa boti kutoka Chwaka nikaenda kukaa Michamvi siku tatu.

Dada wa mapokezi alikuwa na daftari. Tangu siku ya kwanza ameandika kila mtandao ulipokata, tarehe, saa umekata, saa umerudi. Redio zetu zilikuwa zinaweka kumbukumbu ya siku moja tu na zikizimwa zinafuta, kwaiyo daftari lile la kurasa za mraba ndo lilikuwa kumbukumbu pekee ya kisa chote. Nikalichukua nikakaa nalo kibarazani. Kitu cha kwanza nilichoona, saa za kukata zinasogea mbele kila siku kama dakika hamsini. Saa nane, kesho yake saa nane na dakika hamsini, keshokutwa saa tisa na nusu na kitu. Cha pili, siku za mwanzo wa kila "wiki mbaya" inakata mara moja tu mchana ila kwa muda mrefu, alafu zikifika siku za katikati inagawanyika mara mbili, fupi fupi, na katikati yake mtandao unarudi vizuri, alafu siku za mwisho inarudi kuwa moja, alafu inapotea.

Nimekaa naangalia namba zile sizielewi, akapita mzee mmoja nahodha wa ngalawa anayepeleka wageni kuangalia jua, alikuja kuchukua hela yake kwenye kaunta. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza wewe ndo wa mtandao? Nikamwambia ndo mimi. Akasema, "Mwanangu, mtandao wenu huu unakwenda na maji. Maji mafu haukatiki. Bamvua hukatika." Maji mafu ni zile siku bahari haijai sana wala haipwi sana. Alafu akaondoka zake, kwake yeye lilikuwa jambo la wazi tu, kama kusema embe zina msimu.

Nilienda kutafuta jedwali la maji la Zanzibar kwenye simu nikaliweka pembeni ya daftari na mwili ukanisisimka. Kila "wiki mbaya" ilikuwa bamvua, moja mwezi mwandamo moja mwezi mpevu. Unguja siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi, jioni na alfajiri, na yanapwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Yanapanda kiasi cha mita 3.9 kutoka karibu na sifuri. Kila siku yanachelewa dakika hamsini hivi, ndo zile dakika za kwenye daftari. Na kule kukata mara mbili, saa nane na saa kumi na mbili, ni masaa mawili kabla ya maji kujaa na masaa mawili baada. Kwa maneno mengine mtandao haukuwa unakata maji yakijaa wala yakipwa, ulikuwa unakata maji yakipita kimo kimoja maalum, yakipanda yanakipita mara moja, yakishuka yanakipita tena. Siku za mwanzo wa bamvua maji yanafika kwenye kimo hicho yanatulia hapo hapo alafu yanarudi, ndo maana inakata mara moja kwa muda mrefu. Na mlinzi wa usiku alikuwa sahihi kabisa, saa nane usiku ni ile ile ya saa nane mchana.

Sasa kwanini. Bahari iliyotulia ni kioo. Antena ya Chwaka ikirusha, wimbi moja linakwenda moja kwa moja Michamvi, na jingine linapiga uso wa maji linadunda linafika nalo pale pale. Lile lililodunda limepita njia ndefu kidogo, na tena likidunda kwenye maji linapinduka, palipokuwa na kilele panakuwa na bonde. Yakikutana kwenye antena kilele kwa kilele, signo inaongezeka, na hiyo ndo -55 yetu ya siku ya kwanza iliyokuwa bora kuliko hesabu. Yakikutana kilele kwa bonde yanauana. Kinachoamua ni tofauti ya urefu wa njia mbili zile, na tofauti hiyo ni ndogo ajabu, sentimita chache tu katika kilomita sita na nusu. Kwenye 5.8 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 5.2. Kwasababu ya ule mpinduko, tofauti ya njia ikiwa wimbi zima, yani sentimita 5.2, au mawili, 10.4, signo inakufa. Ikiwa wimbi nusu au moja na nusu, signo inakuwa na nguvu kuliko kawaida.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu. Kimo cha antena ya huku juu ya maji zidisha kimo cha antena ya kule, zidisha mara mbili, gawa kwa umbali. Chwaka tulikuwa mita 22 juu ya kimo cha maji yaliyopwa kabisa, Michamvi 12. Maji yakiwa chini, 22 kwa 12 mara mbili gawa 6,500, unapata sentimita 8.1, wimbi moja na nusu, signo nzuri kabisa. Maji yakipanda mita 3.1 vimo vinakuwa 18.9 na 8.9, unapata sentimita 5.2. Pale ndo panakufa! Yakiendelea mpaka 3.9 tofauti inakuwa 4.5, umeshakipita kile kimo, signo inarudi. Na wakati wa maji mafu bahari haifiki 3.1 kabisa, inaishia chini yake, kwaiyo wiki nzima uko salama. Nilipoiona 5.2 kwenye skrini nilisimama.

Na makosa yetu yote yakajieleza. Tulipohama kwenda 5.5 GHz wimbi likawa refu kidogo, sentimita 5.45, kimo cha kufa kikashuka kutoka 3.1 kwenda 2.8, na maji yanapojaa yanafika 2.8 kama nusu saa mapema kuliko 3.1, saa saba na nusu badala ya saa nane. Tulipopandisha Michamvi mpaka mita 16, tofauti ikawa kubwa zaidi, ile sentimita 5.2 haifikiwi tena ila ukija maji yakipwa mpaka 0.4 unaangukia 10.4, mawimbi mawili kamili, nayo inaua vile vile, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Na inakaa muda mrefu maana maji yakifika chini kabisa yanatulia huko kabla ya kugeuka. Yani bomba lile la mita nne lilihamisha tu kifo kutoka kwenye maji kujaa kwenda kwenye maji kupwa.

Mtu anaweza kuuliza, si kuna mawimbi ya bahari, mbona uso wa maji siyo laini kama kioo? Nilijiuliza hilo nami. Jibu ni pembe. Redio inagusa maji ikiwa imelala kabisa, kwetu ilikuwa robo ya digrii hivi, na kwa pembe ya kulala namna hiyo hata mawimbi ya nusu mita redio inayaona kama sakafu. Ndani ya ghuba ya Chwaka bahari haina fujo, kwaiyo kioo kilikuwepo karibu muda wote. Hata maji yakipwa ile michanga na majani ya bahari vikiwa vimelowa vinarudisha signo vizuri tu, kama tulivyoona saa nne usiku.

Njia za kutibu zipo kadhaa. Wenye pesa wanafunga antena mbili upande mmoja, moja juu moja chini, vimo vikipangwa ili moja ikifa nyingine iko kwenye kilele, redio inachagua. Ndo njia ya kweli ya minara mikubwa inayovuka bahari, na kwa laini ndefu sidhani kama kuna mbadala. Njia nyingine ni kuirudisha antena nyuma ili paa au mikoko ikinge ile sehemu ya maji inayodunda huku ikiacha njia ya moja kwa moja wazi, nzuri sana ukipata mazingira yake, sisi hatukuyapata. Sisi tulichagua kushusha.

Kumshawishi bosi kushusha antena ilichukua muda kuliko kuishusha. Nilimchorea kwenye karatasi. Ukiipeleka Michamvi mita 6.5 juu ya maji yaliyopwa, yani mita mbili na nusu hivi tu juu ya bahari ikijaa bamvua, tofauti ya njia inacheza kati ya sentimita 1.4 maji yakijaa na 4.4 yakipwa. Haifiki 5.2 hata siku moja. Wala haishuki mpaka sifuri ambako napo inakufa. Na katikati yake iko 2.6, nusu wimbi, pale signo ina nguvu kuliko zote. Aliniuliza ile soseji ya Fresnel je, nikamwonyesha, maji yakijaa bamvua tunabaki na asilimia 70 hivi, iko juu ya 60, nyembamba ila iko. Akasema haya, ila ikishindikana bomba linarudi juu kwa mshahara wako.

Tulitafuta mahali. Mita mbili na nusu juu ya bahari iliyojaa maana yake ukiiweka mchangani watu watapita mbele yake, na mtu mmoja akisimama mbele ya sahani anatosha kuiyumbisha. Kuna ukingo wa jiwe la matumbawe mbele ya lodge, mbele yake ni maji moja kwa moja hakuna njia ya miguu, tukasimamisha nguzo fupi pale. Waya wa kutoka pale mpaka paani kwenye antena ya kijiji ni mita arobaini, uko salama maana waya wa netiweki wa shaba unabeba mpaka mita 100. Bolti zote za chuma kisichoshika kutu, viungio tukavizungushia mpira wa kujishika wenyewe alafu utepe juu yake, maana pale bahari inarusha chumvi mpaka usoni, bolti ya kawaida miezi sita imekwisha. Waya wa ardhi wa radi ukazamishwa pembeni.

Tulifunga siku ya maji mafu, kwaiyo hatukuweza kujua kitu mpaka wiki ipite. Safari hii niliacha kompyuta ndogo pale inaandika signo kila dakika, na sikwenda popote siku bamvua ilipoingia. Saa nane mchana, -54. Saa kumi maji yamejaa yamefika chini ya jiwe unayasikia yanapiga, -54. Saa kumi na mbili wageni wako mchangani wamegeuza simu zote upande wa jua, -53. Saa nne usiku maji yamekwenda mbali kabisa, taa za wanaotafuta pweza unaziona kule ndani, -59, na -59 ndo namba mbaya kuliko zote za bamvua lile. Pale mwanzo ilipokuwa inakufa ilikuwa inafika -79 redio zinabaki zinanong'ona kwa spidi ya mwisho kabisa alafu zinaachana.

Bibi wa Muscat nilimpitia asubuhi yake. Aliniambia waliongea na mwanawe mpaka simu ikaisha chaji.

Kwa anayefungiwa intanet ya antena karibu na maji, iwe ghuba, ziwa au hata uwanda wa chumvi, na inakata kata bila mpangilio, anza na daftari kabla hujaruhusu mtu kubadilisha kifaa. Andika saa ya kukata na ya kurudi, hata wiki mbili. Ikikata jioni saa zile zile kila siku bila kusogea, hapo tafuta msongamano wa watumiaji. Ikikata mvua ikinyesha, kwa 5 GHz mvua peke yake kwa umbali kama huu karibu haina madhara, tafuta maji yaliyoingia kwenye kiungio au mti uliolowa majani mbele ya antena, ila kama ni redio za 60 GHz hizo mvua inazimaliza kweli. Ikikata waifai ya chumbani lakini kompyuta iliyochomekwa waya kwenye ruta inaendelea, shida iko ndani ya nyumba, mnara hauhusiki. Na ikisogea dakika hamsini kila siku, fungua jedwali la maji.

Fundi naye muulize anapokea signo ngapi na hesabu ilikuwa inasema ngapi. Akikuambia namba moja tu, ile ya siku aliyofunga, muombe arudi aipime maji yakijaa na yakipwa. Kwetu siku hizi laini yoyote inayovuka maji hatuikabidhi kwa mteja mpaka ipite bamvua moja nzima.

Daftari la mapokezi liko pale pale kwenye kaunta. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa saa za kukata ni wa usiku wa saa nne kabla hatujashusha, baada ya hapo dada analitumia kuandika boti za wageni.